Miezi Kumi na Mmoja Mbele ya Kamati ya Uzamili: Tathmini ya Mwombaji kutoka Tanga

Mwezi Februari mwaka jana nilipeleka bahasha mbili katika chuo kikuu kimoja kilichoko nje ya mkoa wetu. Ya kwanza ilikuwa na ombi langu la kutambuliwa kuwa mwalimu na msimamizi wa nje wa wanafunzi wa uzamili, yaani masomo ya juu ya shahada ya kwanza. Ya pili ilikuwa na muhtasari wa kozi mpya ya shahada ya umahiri, yaani shahada ya pili, kuhusu usimamizi wa uvuvi mdogo wa pwani, kozi ambayo nilikusudia sehemu yake kubwa ifundishwe hapa Tanga, kwenye madiko, yaani mahali vyombo vinaposhushia samaki, na katika vijiji vya wavuvi. Bahasha zote mbili ziliishia kwenye meza moja, yaani kamati ya Seneti inayosimamia masomo ya uzamili, na jibu la mwisho nililipata Desemba. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu walioko mikoani, watafiti, madaktari, wahandisi na wengine wenye shahada za uzamivu (udaktari wa falsafa), ambao huombwa na vyuo kusaidia kufundisha na kusimamia tasnifu bila kuelezwa ni huduma ya namna gani watakayokutana nayo. Jina la chuo silitaji, kwa sababu baadhi ya ninayoyasema ni malalamiko, na waliohusika bado wako kazini.

Niseme mapema nilichokiona. Kazi yenyewe ya kamati, kazi ya kuchuja watu na kuchuja kozi, ilifanywa kwa uangalifu ambao umeifanya kozi yangu kuwa bora kuliko ambavyo ningeweza peke yangu. Lakini namna mwombaji anavyohudumiwa wakati anasubiri ni duni, na anayeumia zaidi ni yule aliye mbali.

Majina ya vyombo hivi yanachanganya, kwa hiyo ni vyema kuyaweka sawa. Katika vyuo vikuu vyetu, Baraza la Chuo hushughulikia mali, fedha, ajira na mwelekeo wa chuo kwa jumla, na Seneti ndiyo yenye kauli kuu katika mambo ya taaluma. Juu ya vyuo vyote iko Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 na kuchukua nafasi ya lililokuwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Kwa hiyo mtu aliyesoma Marekani, akazoea kusikia kwamba mambo ya uzamili huamuliwa na baraza la masomo ya uzamili ambalo wajumbe wake wengi ni wahadhiri waliochaguliwa na wenzao, asilitafute baraza hilo kwa jina hilo hapa kwetu. Katika chuo ninachokizungumzia, kazi ile ile hufanywa na kamati ya Seneti, ikisaidiwa na kurugenzi ya masomo ya uzamili yenye ofisi, makatibu na mafaili.

Tofauti nyingine ni kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyonigusa. Katika vyuo vingi vya Marekani, hadhi ya ualimu wa uzamili ni kitu mbali na ajira. Mtu anaweza kuwa mwajiriwa wa kudumu, akafundisha shahada ya kwanza miaka yote, na bado asiruhusiwe kuongoza tasnifu ya uzamivu mpaka idara yake imwombee hadhi hiyo na baraza liikubali. Mara nyingi hadhi hiyo ina ngazi: yupo anayeweza kuongoza tasnifu za uzamivu, yupo anayeishia kwenye umahiri, na yupo anayeruhusiwa kufundisha kozi moja tu kwa muda. Vyuo vingi huitoa kwa miaka maalumu, kisha huihuisha kwa kutazama machapisho ya mwalimu na wanafunzi aliowafikisha mwisho. Kwetu mambo hayo yamefungamana zaidi na cheo. Mhadhiri Msaidizi hatazamiwi kufanya kazi ya Mhadhiri mwenye uzamivu, na Mhadhiri Mwandamizi au Profesa anaingia kwenye chumba cha tasnifu kwa sababu cheo chake kimekwisha kusema yeye ni nani. Mtu wa nje hana cheo cha chuo, hivyo kamati inalazimika kumpima kuanzia chini kabisa, bila ngazi ya kuegemea.

Nilipimwa kwa vyeti, wasifu, orodha ya machapisho yaliyopitiwa na wataalamu, barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba nitapewa muda wa kufundisha, na ukurasa mmoja wa maelezo juu ya jambo ambalo sikuwahi kuulizwa popote: mwanafunzi wangu atakaa wapi, atatumia maktaba gani, na atanipata vipi siku nikiwa baharini kwa wiki mbili. Mwanzoni niliona kwamba swali hilo ni la urasimu. Nilipokaa kuliandikia jibu ndipo nikatambua kwamba mpango huo sikuwa nao hata kidogo. Nilikuwa nimefikiria elimu yangu mimi, sikuwa nimemfikiria mtoto wa watu atakayepanga chumba Chumbageni kwa miezi sita akisubiri nimsomee sura ya tatu.

Jibu lililokuja lilinipa hadhi yenye mipaka. Naweza kufundisha kozi yangu na kuwa msimamizi wa pili wa tasnifu za umahiri, kwa miaka mitatu, lakini siwezi kuwa msimamizi mkuu. Sikufurahi, maana nina shahada ile ile waliyo nayo walionijadili, na nimekaa kwenye utafiti wa uvuvi miaka mingi kuliko baadhi yao. Hata hivyo barua ilieleza sababu kwa aya mbili zilizoeleweka: msimamizi mkuu ndiye anayesaini maendeleo ya mwanafunzi kila muhula, ndiye anayependekeza watahini, na ndiye anayewajibika mbele ya kamati endapo tasnifu itaonekana na wizi wa kitaaluma, na chuo hakina njia ya kumwajibisha mtu ambaye si mwajiriwa wake. Hoja hiyo nimeitafuta dosari na sijaipata. Ninaitaja kwa sababu kamati nyingi hukataa kwa sentensi moja, na sentensi moja humfanya mtu afikiri kwamba amekataliwa yeye, wala si ombi lake.

Upande wa kozi ndio wenye mengi. Katika mfumo wa sifa unaosimamiwa na TCU, shahada ya umahiri inahitaji krediti zisizopungua 180 na ya uzamivu 540, na krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, zikihesabiwa pamoja mihadhara, kusoma mwenyewe, kwenda uwandani na kufanya mitihani. Kozi yangu ilikuwa ya krediti 12, yaani saa 120. Katika saa hizo nilikuwa nimeweka 70 za mihadhara. Idara iliipitisha Machi na kitivo kikaipitisha Aprili, pote kwa kusahihisha tahajia na kubadili mpangilio wa vichwa vya habari, na mimi nikaamini kwamba kazi imekwisha.

Kamati ilikutana Juni na kuirudisha ikiwa na kurasa mbili za maoni. Walikuwa wameiweka kando ya muhtasari wa kozi ya uvuvi ya mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, wakasoma mada moja baada ya nyingine, wakakuta kwamba kati ya mada zangu 14, tisa zimo tayari katika kozi ile kwa maneno yanayokaribiana. Kisha waliuliza maswali mawili ambayo nayakumbuka kwa moyo. La kwanza: ni kazi gani atakayofanya mwanafunzi wa umahiri katika kozi hii ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kutakiwa kuifanya? La pili: mwanafunzi huyu atapima nini, na atajuaje kwamba amekosea?

Wale wasiofanya kazi hii huenda wakaona maswali hayo ni mepesi. Ukweli ni kwamba ndiyo yanayotenganisha shahada moja na nyingine. Kozi ya umahiri haipandi daraja kwa kuongezewa kurasa za kusoma au kwa kubandikwa namba kubwa zaidi katika orodha ya kozi. Katika vyuo vya Marekani ambako wanafunzi wa ngazi mbili wanaweza kukaa darasa moja, mabaraza ya uzamili hudai ionyeshwe kwa maandishi ni kazi gani ya ziada, na ya aina nyingine, itakayofanywa na yule wa ngazi ya juu, kwa sababu bila hivyo watu wawili watapata krediti za thamani tofauti kwa kazi moja. Kamati yetu haikunitajia mifano ya ng'ambo, lakini ilisimamia jambo hilo hilo.

Nilichukua muhtasari ule nikaanza upya. Mihadhara ikashuka kutoka saa 70 hadi 30. Saa 50 zikaenda uwandani, na zilizobaki zikawa za kuchambua takwimu, kusoma na kuandika. Mwanafunzi sasa atafika kwenye diko la Kigombe kabla jua halijapanda, vyombo vinaporudi, akiwa na ubao wa kupimia, mizani ya kuning'iniza na daftari. Ataandika chombo ni cha aina gani, dau au ngalawa au mtumbwi, kimekaa baharini saa ngapi, kimetumia dema au nyavu au mshipi. Atapima urefu wa kila samaki, awe changu au tasi, kabla mnunuzi hajabeba tenga lake, na kama ndoo imekwisha kuondoka, basi nafasi hiyo ataiacha tupu na hataijaza kwa kukisia. Ndipo swali la pili la kamati lilipopata jibu: wanafunzi wawili watapima samaki wale wale bila kuonyeshana, na tofauti kati ya daftari zao itakuwa sehemu ya ripoti yao.

Habari ya silikanti nayo ilibadilika. Samaki huyu alidhaniwa kuwa alitoweka zama za dinosaria, mpaka alipoonekana hai huko Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia mwaka 2003 akawa ananaswa katika maji ya Tanzania, hasa huku kwetu Tanga, kwenye majarife, yaani nyavu kubwa zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Katika muhtasari wa kwanza nilikuwa nimeiandika habari hiyo kama hadithi nzuri ya mhadhara wa kufungulia kozi. Sasa mwanafunzi anatakiwa aichukue kama tatizo: ajenge hoja kuhusu hatua ya kumzuia mvuvi kutega jarife kwenye kina fulani, aeleze nani anapoteza mapato na kwa kiasi gani, ailinganishe na maeneo ya miamba yaliyofungwa kwa makubaliano na vijiji katika mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani ulioanza mkoani Tanga mwaka 1994, kisha aitetee hoja yake mbele ya wenzake. Bila ile karatasi ya maoni nisingefika hapo, na hilo ninalisema kwa shukrani.

Kamati ilitaka pia uthibitisho kwamba wavuvi wenyewe wameafiki. Nilikwenda kukaa na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari cha kijiji, chini ya mkungu, nikaeleza mpango wote. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mwalimu, hao wanafunzi wako watarudi kutusomea walichokiandika?" Nilimjibu, "Watarudi, mzee wangu," na nikarudi nyumbani nikijua kwamba hakuna mahali katika muhtasari paliposema hivyo. Nikapaandika: wiki ya mwisho ya kozi kila mwanafunzi atarudi kijijini na kuwasilisha matokeo kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi, naye atapewa asilimia 15 ya alama za kozi kwa wasilisho hilo. Niliogopa kwamba litakataliwa, kwa kuwa lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu ni Kiingereza. Kamati ilikubali, ikaongeza tu sharti kwamba mwalimu wa pili wa idara awepo kutoa alama pamoja nami. Katika yote niliyopitia, uamuzi huo ndio unaonifanya niwapendekeze wenzangu waende, hata kwa taabu nitakazozieleza sasa.

Taabu ya kwanza ni ukimya. Ombi la hadhi lilikaa miezi mitano bila neno lolote. Mfumo wa kielektroniki wa chuo ulionyesha maneno "Linashughulikiwa" tangu Februari hadi Julai, na kila nilipopiga simu nilijibiwa kwa adabu, "Daktari, faili lako lipo, linasubiri kikao." Mwezi Julai, baada ya kuomba kuzungumza na mtu mwingine, ndipo nikaambiwa kwamba faili halikuwa likisubiri kikao chochote. Lilikuwa limewekwa pembeni kwa sababu barua ya mwajiri haikuonekana. Barua hiyo niliiwasilisha kwa mkono wangu, na baadaye ilikutwa katika faili la kozi, kwa kuwa bahasha zote mbili zilikuwa na jina langu. Kosa la kuchanganya karatasi linasameheka kwa yeyote. Kuacha miezi mitano ipite bila kumwambia mwombaji kwamba ombi lake lina upungufu ni jambo jingine, nami sikuombwa radhi kwa hilo.

Taabu ya pili ni ratiba. Kikao cha Agosti, ambacho kilipaswa kuisoma kozi yangu iliyorekebishwa, hakikufikia akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, na kinachofuata kikawa Oktoba. Ninajua wajumbe ni wahadhiri wenye madarasa, mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wao wenyewe. Lakini kikao kimoja kinapoahirishwa bila kupangiwa tarehe ya karibu, kozi inaikosa Seneti ya muhula huo, na ikiikosa Seneti inaukosa mwaka mzima wa masomo. Kwa bahati Oktoba walifikia akidi, kozi ikapita, na Seneti ikaithibitisha Desemba. Kwa kuwa ilikuwa kozi moja ndani ya programu iliyokwisha kupata ithibati, chuo kilimaliza jambo hapo hapo. Mwenye kupeleka programu nzima ajiandae, maana hiyo lazima ifike TCU, na hesabu ya miezi niliyoitoa hapa haitamtosha.

Taabu ya tatu niiseme kwa ufupi: nilipanda basi alfajiri kwenda kusaini ukurasa mmoja, nikasaini mbele ya mtumishi ambaye hakuuliza hata kitambulisho, nikarudi Tanga usiku. Ofisi inayopokea machapisho kwa njia ya intaneti inaweza kupokea na sahihi kwa njia hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halikunipata mimi, bali lilimpata mwalimu mmoja wa makamo niliyemkuta kwenye benchi la nje ya ofisi hiyo. Yeye ni mwajiriwa wa chuo, na kwa kanuni za hapo msimamizi wa uzamivu ambaye hajachapisha kwa miaka mitano hapewi wanafunzi wapya. Alikuwa amepata barua ya kumwarifu hivyo wiki ile. Kanuni yenyewe naiunga mkono kwa dhati, kwa sababu mwanafunzi wa uzamivu anajifunza ufundi wa utafiti kwa mtu anayeufanya, kama ambavyo mtoto hujifunza kushona wavu kwa mtu mwenye uzi mkononi. Nisichokiunga mkono ni kumwambia mtu siku mlango unapofungwa. Miaka mitano haifiki ghafla, na kurugenzi ina orodha ya machapisho ya kila mmoja. Barua ya mwaka wa nne ingemwachia mwalimu yule nafasi ya kumalizia makala aliyosema anayo mezani.

Kwa atakayekwenda baada yangu, ushauri wangu unatokana na hayo. Kila bahasha ipelekwe siku yake na iwe na jina la jambo lenyewe kwa nje, si jina la mwombaji peke yake. Ratiba ya vikao vya kamati na vya Seneti iombwe kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kozi, na hesabu ianzie kwenye tarehe ya Seneti kurudi nyuma. Kozi ya shahada ya kwanza inayokaribiana na unayoipendekeza isomwe yote, maana wao wataisoma. Na maoni yakija, yasichukuliwe kuwa ugomvi. Nilikutana na mtu aliyeiondoa kozi yake kwa hasira baada ya maoni kama yangu, na nilipoisoma karatasi aliyopewa niliona maswali mazuri ambayo hakuyapa hata jioni moja.

Kozi imepangwa kuanza Oktoba hii, ikiwa na wanafunzi wasiozidi 12, idadi ambayo kamati iliiweka baada ya mimi kueleza kwamba diko halibebi watu zaidi ya hao wenye mbao na mizani bila kuwazuia wavuvi kufanya kazi yao. Hadhi yangu itakwisha baada ya miaka mitatu. Ombi la kuihuisha nitalipeleka mwaka mmoja kabla, na barua ya mwajiri sitaiachia mpaka niione ikigongwa muhuri wa kupokelewa.